Dozi ya pili ni saa 8, au baada ya saa 8?



Mara nyingi katika kurasa hizi tunawaeleza habari za vitanda, dawa na majengo. Safari hii tunaeleza jambo lisilohitaji fedha nyingi, nalo ni maelezo anayopewa mgonjwa siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Mama mmoja wa Kilangala alilazwa na mtoto wake wa mwaka mmoja aliyekuwa na malaria kali. Mtoto alichomwa sindano za artesunate, homa ikashuka, akaanza kunyonya tena. Siku ya kuruhusiwa alimezeshwa kidonge cha kwanza cha dawa mseto saa 4 asubuhi, na mama akapewa vitano vya kwenda navyo. Juu ya bahasha muuguzi aliandika: "1 saa 8, halafu 1x2." Gari lilikuwa linasubiri, mama akaondoka.

Muuguzi alikusudia baada ya saa 8 kupita, yaani saa 12 jioni. Mama alielewa saa 8 mchana. Akampa mtoto kidonge njiani, tumbo tupu, naye akatapika. Mama akaogopa kwamba dawa ni kali mno, na kwa kuwa homa ilikwisha kushuka, vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la kanga viwe akiba. Baada ya wiki tatu alirudi na mtoto ana homa, viganja vyeupe, anahitaji kuongezewa damu. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu.

Ieleweke kwamba sindano hupunguza vimelea haraka, lakini haimalizi kazi. Dawa mseto ndiyo inayoimaliza: dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama uji wa karanga au wa tui. Mtoto mdogo anyonyeshwe.

Daktari ndiye anayeandika dawa na kuruhusu mgonjwa. Hata hivyo, mara nyingi muuguzi ndiye mtu wa mwisho kuongea naye. Kama mwandiko hausomeki, au dozi hailingani na uzito wa mtoto, muuguzi asibahatishe. Arudi kuuliza kabla bahasha haijatoka mkononi mwake. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na anaweza kuitwa mbele yake kujibu juu ya utendaji wake. Ni kweli kwamba wodi hujaa na wauguzi ni wachache. Lakini dakika tano za maelezo ni nafuu kuliko chupa ya damu.

Neno jingine linalotusumbua ni "kutwa mara 3". Kwa wazee wengi wa pwani, kutwa ni mchana, tangu kuche hadi kuchwa. Mzee atameza asubuhi, adhuhuri na alasiri, usiku mzima asimeze kitu, kumbe dawa ilitakiwa kila baada ya saa 8. Tena majirani zetu wengi ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani wapo wagonjwa watakaofunga hata wakiambiwa wameruhusiwa kula, na ni afadhali muuguzi aulize mapema. Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa wakati wa futari na wa daku, lakini ya mara tatu inahitaji kurudi kwa daktari.

Swali "umeelewa?" halisaidii, maana kila mtu hujibu "ndiyo, sista." Muuguzi aseme: "Mama, hebu nieleze, ukifika nyumbani utampa lini na kiasi gani?" Ataje pia dalili za kurudi mara moja: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu. Kisha aandike kwa maneno kamili, "saa 12 jioni", si tarakimu na alama za kuzidisha.

Wanakamati, mnapomtembelea mgonjwa aliyetoka hospitali, ombeni kuiona bahasha na kuhesabu vidonge pamoja naye. Mkikuta vimebaki kuliko inavyopasa, msimgombeze wala msiviondoe. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, na bahasha yake mkononi.