Je, Wajua? Goti lililokatika ligamenti

Mwaka 1895, mjini Leeds, Uingereza, daktari Arthur Mayo-Robson alifungua goti la mchimba makaa ya mawe na kuzishona ligamenti zake zilizokatika. Miaka 6 baadaye mguu ulikuwa bado imara! Hata hivyo, kushona tu hakukuwafaa wengi, kwani ligamenti ya mbele ya goti ikishakatika ni nadra kuunga vizuri.

Mwaka 1917, daktari Ernest Hey Groves wa Bristol alithubutu zaidi. Alitoboa mfupa wa paja na wa muundi, kisha akapitisha humo ukanda wa utando mgumu uliotoka pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Matundu hayo mawili ndiyo msingi wa upasuaji huu hadi leo, ingawa sasa hupitishwa kano ya paja au ya kilegesambwa, daktari akiongozwa na kamera nyembamba.

Nyuzi za kaboni nazo zilijaribiwa badala ya kano, lakini zikamomonyoka na kusababisha uvimbe gotini.

Kano iliyopandikizwa hunyong'onyea kwanza, kisha mishipa ya damu huiingia polepole. Ndiyo maana mchezaji huambiwa asubiri miezi 9 hivi kabla ya kurudi uwanjani, hata kama goti haliumi tena.