Kandida akipiga hodi, umuulize nini?

Pengine unakaa katika komini Annexe, ile inayozunguka mji wa Lubumbashi. Ao unakaa pembeni ya Kolwezi ao ya Likasi. Habari ni moja tu. Zamani pale palikuwa pori na mashamba ya muhogo. Leo nyumba zinaongezeka kila mwezi, kwa sababu kazi ya shaba na kobalti inaita watu. Lakini njia hakuna, mfereji hakuna, na kisima kiko karibu na choo cha jirani. Mvua ya Januari ikinyesha, watoto wanaanza kuharisha.

Ndipo kandida anafika. Anagawa tishati, vitenge na chumvi. Anasema: "Mukinichagula, nitaleta mayi, umeme, hospitali na iniversite!" Tunapiga makofi. Kisha uchaguzi, tunabaki na tishati tu.

Kosa ni la nani? Si lake yeye peke yake. Sisi pia hatukumuuliza maulizo.

KAZI YA KOMINI NI GANI?

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, raia walichagua washauri wa komini katika miji mikubwa ya majimbo. Kazi yao imeandikwa katika sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008: njia za komini, mifereji, masoko, usafi. Wao ndio wanapitisha bajeti ya komini.

REGIDESO na SNEL ni makampuni ya Serikali. Mshauri wa komini hawezi kuyaamuru. Basi kandida wa komini akikuahidia iniversite, ao anakudanganya, ao hajui kazi anayoomba.

MAKUTA YATATOKA WAPI?

Sheria ya Madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawanya redevansi, ni kusema malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini inayouza. Nusu inaenda kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia kwa jimbo, 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Na 15 kwa mia ni ya komini, sekta ao usultani ule ambamo mgodi unachimbwa.

Tuhesabu pamoja. Kampuni ikiuza shaba ya dola 1.000, redevansi ni 3,5 kwa mia, maana yake dola 35. Fungu la komini ni dola 5 na santimu 25. Kwa kobalti, redevansi ni 10 kwa mia tangu ilipotangazwa mwaka 2018 kuwa madini ya maana ya pekee. Hapo komini inapata dola 15 kwa kila 1.000. Malori yanayopita mbele ya mlango wako, wewe unayaona kila siku.

Lakini angalia: kama mgodi hauko ndani ya mipaka ya komini yako, fungu hilo si lenu. Kandida mwenye akili atakuambia hivyo waziwazi, na atakuonyesha makuta mengine, kama vile kodi za soko.

NINI KWANZA?

Mahali panapokua mbio, jambo la kwanza ni nafasi. Leo viwanja vinauzwa mpaka ndani ya njia ya maji. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na hati ya kweli ni sertifika ya anrejistrema. Hata hivyo wengi wananunua kwa karatasi ndogo tu, na kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili. Kesho komini ikitaka kuchimba mfereji, itaupitisha wapi? Ndani ya nyumba ya mtu. Baba aliyejenga kwa akiba ya miaka kumi atabomolewa, na watoto wake watalala inje.

Kwa hiyo umuulize kandida wako maulizo matatu:

1. Utafanya nini ili nafasi ya njia, mfereji, soko na masomo ibaki mbele ya viwanja vyote kuuzwa?
2. Kati ya ahadi zako, ni ipi ya kwanza, na makuta yake yatatoka wapi?
3. Kila mwaka utakuja kutusomea bajeti hapa kwetu, makuta yaliyoingia na yaliyotoka?

Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Wazee wengine watasema: "Tukamate tu tishati, ni haki yetu." Lakini tishati inapasuka mbele ya mwaka kuisha, na mshauri anakaa miaka mitano.

YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KATIKA KUNDI LA VIJANA

Katika avenyu yetu, maji ya mvua yanapita wapi? Nani amejenga juu ya njia yake? Ni nani kati yetu anajua jina la mshauri wa komini yetu, na ni nani amekwisha kumuuliza ulizo hata moja?