Kelele za Kuku na Maana Yake

Mwenye kuku wa kienyeji ajua vema jinsi hesabu inavyopungua. Koo aliyetotoa vifaranga 12 huonekana baada ya majuma machache akitembea na wanne au watano tu, na watu wa nyumbani husema, "Ni mwewe." Mara nyingine ni mwewe kweli. Walakini mara nyingine mwizi alipita chini, na kuku wenyewe walimtangaza kwa sauti kubwa, ila hapakuwa na mtu wa kuwasikiliza. Hasara hiyo si ndogo katika nyumba ambayo mayai ndiyo sabuni na chumvi, na jogoo huuzwa siku ya karo.

Watu wengi hudhani ya kuwa kuku akishikwa na hofu hupiga kelele ovyo. Sivyo. Kuku ana kilio kimoja kwa adui wa angani na kingine kwa adui wa ardhini, na vilio hivyo havifanani.

Aonapo mwewe au kipanga akielea juu, jogoo au koo hutoa sauti moja nyembamba na ndefu, mfano wa mluzi, kisha hunyamaza. Papo hapo wenzake hukimbilia kichakani au chini ya ghala. Asiye na pa kukimbilia hujibana chini bila kutikisika, akiinamisha kichwa upande ili jicho moja litazame juu. Vifaranga huingia chini ya mbawa za mama yao. Sauti ile nyembamba ina faida yake, kwani ni vigumu kutambua imetoka wapi, na mwewe haambiwi aliyelia yuko mahali gani.

Akija mbwa mgeni, paka au nguchiro, mambo huwa mengine kabisa. Kuku hajibani. Husimama wima, hunyosha shingo, hutazama huku na huku, na kulia ko-ko-ko-ko-kooo tena na tena, wenzake wakiitikia mpaka ua mzima umejaa makelele. Adui wa namna hii huwinda kwa kunyemelea, na akitambua kwamba ameonekana, mara nyingi huondoka.

Katika mwaka 1993 mtaalamu Christopher Evans na wenzake walitangaza habari za jaribio walilolifanya juu ya jambo hili. Waliwapigia kuku jike sauti hizo kwa mashine, pasipo adui ye yote kuonekana. Kuku waliposikia kilio cha angani walikimbilia mahali penye kivuli na kuchuchumaa. Waliposikia kile cha ardhini walisimama wima wakatazama pande zote. Basi ilionekana kwamba kuku huielewa habari yenyewe, wala hashtuki tu kwa sababu ya makelele.

Jogoo ndiye mlinzi mkubwa, nayo ni sababu moja ya kutouza majogoo wote. Imeonekana kwamba hulia zaidi anapokuwa pamoja na kuku jike kuliko anapokuwa peke yake. Lakini asisifiwe kupita kiasi: imeonekana pia kwamba hulia zaidi kuhusu mwewe anapokuwa yeye mwenyewe amejificha chini ya matawi.

Yafaa mtu ajihadhari na jambo moja. Kuku aliyetoka kutaga hutetea kwa sauti inayokaribiana na ile ya adui wa ardhini, na kwa sababu hiyo watu wengi hupuuza. Tofauti huonekana kwa macho. Kama kuku mmoja analia karibu na kiota na wengine wanaendelea kuparua, ni yai. Kama shingo zote zimenyoshwa na hakuna anayekula, mtu na atoke nje na fimbo.

Kuku aliyekamatwa barabara huweza kulegea kama mfu. Jambo hili lilijulikana zamani; padre Athanasius Kircher aliliandika huko Rumi mwaka 1646. Mnyama akidhani kuku amekwisha kufa huenda akalegeza meno, na kuku akapata nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo kuku aliyeokolewa asichinjwe kwa haraka. Na awekwe mahali penye giza na utulivu, kisha atazamwe kama ana jeraha. Wengi huinuka baada ya dakika chache, ingawa huenda wakaacha kutaga kwa siku kadhaa.

Ua uliofagiliwa ukawa mweupe bila hata kichaka kimoja hupendeza macho, lakini mwewe huupenda zaidi. Kilio cha jogoo hakina faida ikiwa hakuna pa kukimbilia. Vichaka vifupi vichache, au kipaa cha makuti au nyasi kilichoinuliwa kidogo juu ya ardhi, hutosha. Vifaranga wa majuma ya kwanza ni afadhali wafunikiwe kwa tenga pamoja na mama yao, wakipewa chakula na maji humo humo.

Usiku, mambo yote yaliyoelezwa hapo juu hayana msaada mkubwa. Kuku haoni vizuri gizani. Hukaa kimya juu ya kitulio chake, na kicheche au kanu akiingia ndani huweza kuua mmoja baada ya mwingine hadi banda zima, hata kama atakula mmoja tu. Kicheche ni mwembamba, hupenya tundu ambalo mtu hakulijali. Banda na lifungwe kabla giza halijaingia, matundu yazibwe kwa mbao au kwa wavu wa waya wenye macho madogo, na sakafu iinuliwe juu ya nguzo. Mahali penye siafu, koo anayeatamia chini huweza kuvamiwa usiku mmoja pamoja na vifaranga vyake, na huko wengi humwaga majivu kuizunguka miguu ya banda, wakiyaongeza kila mvua inaponyesha.