Mbwa Mdogo wa Jirani

Familia zetu nyingi hapa Uingereza hazifugi mbwa, wala hatukusudii kuzishawishi zifuge. Hata hivyo, mbwa wa jirani hakwepeki, naye mara nyingi ni yule mdogo mweupe mwenye mabaka meusi au ya kahawia, aitwaye Jack Russell. Watoto wetu humkimbia, na jirani huidhania hofu hiyo kuwa ni dharau. Hivyo tumeona yafaa tueleze asili ya mnyama huyu.

Jina lake latokana na kasisi John Russell wa Devon (1795–1883), ambaye alipokuwa mwanafunzi Oxford alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike aliyeitwa Trump. Kutokana na jike huyo kasisi alianza kuzalisha mbwa wa kumwingilia mbweha shimoni, kumbwekea na kumfukuza atoke nje. Weupe wake ulikuwa na faida: mwindaji asimdhanie kuwa ndiye mbweha.

Tabia zake zote zafuatana na kazi hiyo. Kimo chake hadi begani ni kama sentimita 25 hadi 30, na kifua chake ni chembamba, apate kupenya. Hubweka mno, kwani akiwa chini ya ardhi bwana wake hakuwa na njia ya kumjua alipo ila kwa sauti. Huchimba bustani bila kuchoka. Ni jasiri kupita umbo lake, mwerevu na mkaidi, na hukimbilia kila kikimbiacho: paka, baiskeli, mtoto. Sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku uwindaji wa mbweha kwa kundi la mbwa katika Uingereza na Wales. Silika haikupigwa marufuku. Afungiwapo ndani kutwa bila matembezi, hutafuna viti na kubweka hadi ukuta wa pili usikie. Hatuchukii sisi, amechoshwa na upweke.

Basi mtoto afundishwe kusimama wima, mikono chini, asipige kelele wala kumkazia macho, na zaidi ya yote asikimbie. Akikimbia amegeuka windo.

Wazazi huulizia nguo. Kwa madhehebu ya Shafii, mbwa mkavu akigusa nguo kavu haitiwi najisi. Ni mate na unyevu ndivyo vinavyolazimu kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana wepesi zaidi.

Na jirani aambiwe, kwa upole na mapema, kwamba twajitwaharisha kwa ajili ya sala, hivyo twaomba amshike kamba tupitapo. Mwenye kukataa ajue kuwa sheria ya mwaka 1991 haingoji mbwa aume: yatosha mbwa kuachwa bila kudhibitiwa hata mtu akawa na sababu ya haki ya kuogopa kujeruhiwa. Tangu mwaka 2014 hukumu hiyo yahusu hata ndani ya ua wa mwenye mbwa.