GPS ya Mkononi na Ramani: Usalama wa Safari katika Bwawa la Nyumba ya Mungu

Maji yanayoshuka kutoka miteremko ya Kilimanjaro upande wa Sanya Juu hufuata Mto Sanya hadi Mto Kikuletwa, na hatimaye huingia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako hukutana na maji ya Mto Ruvu yatokayo upande wa Ziwa Jipe. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuzalisha umeme na kudhibiti maji ya Mto Pangani, na tangu wakati huo limekuwa tegemeo la wavuvi wanaosafiri humo kwa mitumbwi na boti ndogo za injini, mara nyingi usiku, wakati ambapo kingo hazionekani. Kwa wasafiri hao, GPS ya mkononi inaweza kuwa msaada mkubwa, mradi itumiwe pamoja na ramani, kwa kuwa chombo hicho hutaja mahali boti ilipo, ilhali ramani ndiyo inayoeleza mahali hapo pana nini.

GPS ni mfumo wa setilaiti unaoendeshwa na Marekani, wenye setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila setilaiti hutuma mawimbi ya redio yanayotaja saa yalipotumwa, na kipokezi kilicho mkononi hupima muda yaliotumia njiani ili kukokotoa umbali wake kutoka kila setilaiti. Zinahitajika setilaiti nne kwa uchache, kwa sababu saa ya kipokezi si sahihi vya kutosha, nayo ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Setilaiti ya nne ndiyo inayowezesha kosa hilo kusahihishwa. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, chombo cha kawaida kilicho chini ya anga wazi hukosea kwa mita chache tu. Mwaka 1999 wapimaji waliutumia mfumo huohuo, kwa vyombo vya usahihi wa juu zaidi, kupima upya kilele cha Kibo katika Mlima Kilimanjaro, wakapata takriban mita 5,892 badala ya 5,895 zilizozoeleka.

Mahali hutajwa kwa latitudo, yaani umbali kutoka Ikweta kuelekea kaskazini au kusini, na longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi kutoka mstari wa Greenwich, na vyote viwili huhesabiwa kwa nyuzi. Uzi mmoja una dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Namba hizi huandikwa kwa namna zaidi ya moja: nyuzi 3 na dakika 40.5 kusini ni sawa na nyuzi 3.675, na mtu anayezisoma kama nyuzi 3.405 atakosea kwa takriban kilomita 30, umbali unaoweza kuwapeleka waokoaji mahali pasipo na maji kabisa. Kwa hiyo, watu wanaopashana habari za mahali wanapaswa kwanza kukubaliana juu ya namna moja ya kuandika.

Tahadhari ya pili inahusu datamu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho vipimo vya ramani hujengwa juu yake. Ramani nyingi za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa datamu iitwayo Arc 1960, wakati GPS, isiporekebishwa, hutumia WGS 84, na mahali palepale panaposomwa kwa datamu hizo mbili hutofautiana kwa takriban mita 300. Tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwamba boti iko kwenye kina ilhali inakaribia mwamba. Jina la datamu huandikwa pembezoni mwa ramani, na msafiri hana budi kulichagua lilelile katika mipangilio ya chombo chake.

Hata datamu zikilingana, bwawa lina ugumu wake wa pekee. Ramani ya majini huonyesha vina kuanzia usawa fulani wa maji uliochaguliwa, lakini usawa wa bwawa hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi na kwa maji yanayofunguliwa kwenda kwenye mitambo, hivyo sehemu iliyopitika vizuri mwezi Mei inaweza kuwa na tope au visiki miezi michache baadaye. Ramani ya nchi kavu nayo huonyesha ukingo kama ulivyokuwa siku picha za angani zilipopigwa. Kwa sababu hiyo, kila kina kinachoandikwa kiambatane na tarehe na usawa wa maji wa siku hiyo, la sivyo namba hiyo inaweza kumpotosha atakayeitegemea baadaye.

Kabla ya kuondoka, nahodha huhifadhi alama ya mwalo wake na alama za sehemu salama za kupitia, kisha huzipanga kuwa njia. Kazi hiyo ifanywe huku ramani ikiwa wazi, kwa sababu chombo kikiamriwa kuelekea mwaloni huonyesha mstari ulionyooka, hata kama mstari huo unakatiza rasi au matete. Vyombo vingi pia huhifadhi mkondo wa safari, na msafiri aliyezingirwa na giza anaweza kurudi kwa kufuata njia aliyoijia. Dira ya kawaida bado inahitajika, kwani vipokezi vingi hutambua uelekeo pale tu boti inapokwenda, na betri zinaweza kwisha.

GPS haiondoi hatari ya upepo wala ya kupakia kupita kiasi, kosa lililohusishwa na kupinduka kwa MV Nyerere katika Ziwa Victoria Septemba 2018. Jaketi okozi na taarifa za hali ya hewa zitabaki kuwa sharti la kwanza. Hata hivyo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vinaweza kufanya jambo kubwa kwa gharama ndogo: kila mwalo uwe na ramani moja ya pamoja, ambayo wavuvi wataitia alama za visiki, miamba na njia salama kwa GPS, pamoja na tarehe na usawa wa maji. Wavuvi wakongwe wanayajua maji haya kwa undani, na maarifa yao yakiandikwa hivyo yatamfaa pia kijana anayeingia bwawani kwa mara ya kwanza.