Diski ya Kipakatalishi au ya Kompyuta ya Mezani: Ipi Inafaa Kuhifadhi Rekodi Zako?

Rekodi za chama, matokeo ya wanafunzi na hesabu za duka siku hizi huhifadhiwa kwenye diski ngumu. Diski ikiharibika, kazi ya miaka mingi inaweza kupotea. Kabla ya kununua, ni muhimu mkazi ajue tofauti ya aina mbili zilizopo madukani.

Diski ya kipakatalishi ni ya inchi 2.5 na upana wake ni takriban sentimita 7. Ya kompyuta ya mezani ni ya inchi 3.5, ina upana wa takriban sentimita 10, na nyingi huwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo. Zote mbili zina sahani zinazozunguka, huku kichwa kidogo kikisoma na kuandika data karibu sana na sahani bila kuigusa. Ndiyo maana hazifai kuangushwa wala kusogezwa zikiwa kazini.

Diski kubwa hubeba data zaidi. Baadhi hupita terabaiti 20, ilhali ndogo kwa kawaida hazizidi 5 au 6. Nyingi za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na nyingi za kipakatalishi mara 5,400, hivyo kubwa huwa na kasi zaidi.

Tofauti kubwa iko kwenye umeme. Diski ndogo ya nje hutumia volti 5 na hupata umeme kupitia waya wa USB. Kubwa huhitaji pia volti 12, kwa hiyo huchomekwa ukutani. Stima ikipotea, huzima papo hapo hata kama kipakatalishi kina chaji, na faili inayoandikwa wakati huo inaweza kuharibika.

Kwa hivyo, anayebeba rekodi kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, au anayeishi mahali stima hukatika mara kwa mara, atafaidika na diski ndogo. Ofisi yenye faili nyingi na kifaa cha UPS itahudumiwa vyema na kubwa.

Hata hivyo, hakuna diski isiyoharibika. Wakazi wanashauriwa kuweka nakala ya pili ya rekodi zao kwenye diski nyingine, na kuihifadhi katika jengo tofauti.