Kisima na mto ni maji mamoja

Mvua zikatikapo mwezi Desemba, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, wakazi wa Misikhu na vijiji vinavyopakana na barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale huendelea kuteka maji katika mito iteremkayo kutoka Mlima Elgon, Mto Kuywa ukiwa mmojawapo. Januari hupita, Februari ikaingia, jua likachoma, hata zikapita wiki kadhaa bila tone kuanguka, ilhali mto ungali unakwenda. Je, maji hayo yatoka wapi?

Mwanafunzi akiulizwa swali hili yamkini atajibu kwamba yatoka mlimani, au kwamba yatokana na mvua. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini yameacha nusu ya habari. Mvua inayoteleza juu ya ardhi huingia mtoni kwa saa au siku chache, ikaufanya mto ufure na kuwa mwekundu kwa udongo, kisha ikashika njia ya Nzoia hadi Ziwa Victoria. Maji hayo hayangoji Februari. Yanayongoja ni yale yaliyozama ardhini mwezi Aprili na Agosti, yakapenya katika udongo na nyufa za miamba, yakajikusanya huko chini na kuanza safari ya polepole mno kuelekea bondeni. Mto wa kiangazi ni maji ya chini ya ardhi yaliyochomoza juu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jambo hili si gumu kulieleza darasani. Chini ya kila kilima mna kimo ambacho chini yake udongo na miamba imejaa maji. Mwenye kuchimba kisima hukutana na maji afikapo kwenye kimo hicho. Kwa kawaida kimo hicho nacho kina mteremko, kikiinuka chini ya vilima na kushuka kuelekea mabondeni. Kikiwa juu kuliko maji ya mtoni, ardhi huulisha mto. Kikishuka chini ya mto, mambo hugeuka: mto ndio unaoilisha ardhi, na maji yake hupotea chini huku watu wakiyatazama. Mto uleule waweza kupokea mahali pamoja na kutoa mahali pengine, au kupokea msimu huu na kutoa msimu ujao.

Lugha yetu, kwa utajiri wake wote, haitusaidii sana hapa. Tuna kisima, tuna chemchemi, tuna kijito, tuna mto. Kila kimoja kina jina lake na hata ngeli yake. Kisima kimeketi pamoja na kiti na kikombe, vitu ambavyo mtu huvimiliki. Mto umo pamoja na mti na mkono, vitu vyenye matawi na viungo. Sidai kwamba ngeli ndizo zilizotufundisha kufikiri hivyo. Hata hivyo, sikilizeni jinsi tunavyosema: kisima ni cha fulani, mto ni wa watu wote. Kwa usemi huo tumeyagawa maji ambayo maumbile hayakuyagawa, na mwenye kiwanja huamini kwamba achotacho uani kwake hakimhusu jirani.

Mwaka 1940 mtaalamu wa Marekani, Charles Theis, aliandika makala mafupi juu ya asili ya maji yanayotolewa visimani. Hoja yake ni rahisi kama hesabu ya duka. Maji yanayovutwa na pampu sharti yatoke mahali: ama katika akiba iliyokuwamo ardhini, ama katika maji zaidi yanayovutwa kuingia ardhini, ama katika yale ambayo yangetoka kuingia mtoni na chemchemini. Pampu haiumbi maji. Kadiri inavyoendelea kuvuta mwaka baada ya mwaka, ndivyo deni linavyouhamia mto.

Wapo watakaouliza: kisima kimoja kitaupunguzia nini mto? Kimoja hakitapunguza jambo la kuonekana, hasa kikiwa cha kamba na ndoo. Lakini bandu bandu huisha gogo, na siku hizi visima virefu vinavyochimbwa kwa mashine vinaongezeka. Tena ubaya wa deni hili ni kwamba hulipwa kwa kuchelewa. Maji ya chini husafiri polepole, hivyo kisima kinachovutwa leo huenda kikaupunguza mto baada ya miezi au miaka. Chemchemi ikikauka, watu huilaumu mvua, au hulaumiana walio juu na walio chini ya bonde, bila kumjua aliyechota.

Aidha, tusidhani kwamba dawa ni kupanda miti yoyote popote. Katika mabonde mawili karibu na Mbeya, Tanzania, watafiti walipima mito kwa miaka kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Bonde moja lilikuwa na msitu, la pili lilikuwa mashamba. Kinyume cha matarajio ya wengi, bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Mizizi mirefu ya msitu ilikuwa ikinywa, na udongo wa majivu ya volkano uliendelea kunyonya mvua hata baada ya kulimwa. Haina maana kwamba tufyeke misitu ya Elgon. Udongo ukigandamizwa au kumomonyoka, mvua haitazama vizuri. Maana yake ni kwamba twapaswa kuuliza maswali mawili daima: ni maji kiasi gani yanayozama, na ni kiasi gani kinachonywewa kabla ya kufika mtoni? Ndiyo sababu mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kingoni mwa mito na katika ardhi chepechepe. Mti huo una faida zake, lakini kupandwa juu ya chemchemi si mahali pake.

Sheria ya Maji ya 2016 imekwisha kuitambua kweli hii, kwani inayahesabu maji ya juu na ya chini ya ardhi kuwa amana moja inayoshikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kilichobaki nyuma ni mazoea yetu.

Mazoea hujengwa shuleni. Shule iliyo karibu na kisima na kijito haihitaji maabara. Mwalimu na awape wanafunzi kamba yenye jiwe, wapime kila Ijumaa umbali wa maji kutoka mdomo wa kisima. Na awape kijiti chenye alama, wakisimike kijitoni na kuandika kimo cha maji. Wakifanya hivyo kutoka Machi hadi Machi na kuchora mistari miwili katika karatasi moja, wataona jinsi mmoja unavyoufuata mwingine. Siku mstari wa kisima utakapoanza kushuka mwaka hadi mwaka, watakuwa wameonywa mapema, na kijito kingali na maji.